Bega la Mkonge

Siku hizi kuna neno, wabunifu, na nimesikia wasichana wakilitamka kwa raha sana. Wakati wangu neno hilo halikuwa mdomoni mwa mtu yeyote pale Voi. Mwanamke aliyekaa na karatasi akaamua kola iwe ya mviringo na kiuno kiteremke vidole viwili aliitwa mama wa kushona, hata kama hajashona kitu. Mimi nilikuwa nakata tu. Miaka ya sabini ilinikuta katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitambaa, na nguo nilizozibuni mle ndani zilitoka mlangoni zikiitwa nguo za fundi wa barazani, kwa sababu barazani ndiko walikokaa wanaume wanne na cherehani zao, na mteja humshukuru anayemwona.

Hilo liliniudhi, sikatai. Lakini silo lililonifanya nianze ile shughuli ya kuwakusanya wanawake wenzangu, ingawa kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba ndilo. Nilianza kwa sababu ya kwapa.

Magauni yangu yalikuwa yakipasuka. Mama anachagua kitambaa, anapimwa, gauni linamkaa vizuri mbele ya kioo, anaondoka akitabasamu. Baada ya wiki tatu anarudi na gauni mkononi, limechanika nyuma ya bega, pale mkono unapokutana na mgongo. Nilibadilisha uzi. Nikaongeza upana wa mkono mpaka ukafanana na gunia. Bado likapasuka. Nilikuwa nikikata mikono kama nilivyofundishwa na sista mmoja huko milimani: unachora nusu ya mkono juu ya gazeti, unalikunja gazeti katikati, unakata mara moja, ukilikunjua unazo pande mbili zinazolingana sawasawa. Nilikuwa nimekata mikono yote ya maisha yangu hivyo. Yule sista alikuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya, na sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Wale mafundi wa barazani waliijua kasoro yangu au hawakuijua, mpaka leo sina hakika. Walichofanya ni kucheka.

"Mwalimu, magauni yako ni ya kanisani," mmoja wao, yule wa maneno mengi, alizoea kuniambia; mwalimu waliniita kwa kejeli tu. "Mtu akivaa asishike jembe."

Mwenye duka hakucheka. Gauni la tatu liliporudi, alilitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akaliangalia, akaniambia kwa upole kwamba likirudi jingine kabla ya Krismasi, meza hiyo atampa mmoja wa wale wa nje, na mimi nirudi kwenye vifungo na mapindo nilikoanzia. Alinena kwa upole kiasi kwamba sikuweza hata kununa. Kati ya Voi na Taveta sikumjua mwanamke mwingine mwenye meza ya kukatia, na meza yangu sasa ilikuwa imebakiza miezi mitano.

Basi nikawaza: lazima wapo wengine. Lazima kuna wanawake katika wilaya hii ambao kazi yao ni kuamua kitu kikae vipi, na kati yao hakosi mmoja wa kuniambia nimekosea wapi. Wanaume walikuwa na baraza; fundi akikwama, anamgeukia mwenzake wa kushoto na kumuuliza. Sisi kila mmoja alikuwa nyumbani kwake, na kasoro yake. Nikaamua tupate mahali pa kukutana, ana kwa ana, tuonyeshane kazi.

Ningejua jinsi wanawake wanne wanavyoweza kumchosha mtu, ningeenda kushona vifungo mapema.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa ufundi wa nyumbani kule Bura. Magauni ya harusi ya nusu ya milima yalitoka chumbani kwake, na hakuna bibi harusi aliyewahi kufanana na mwenziwe. Nilipomweleza, aliuliza nani atakuwa mwenyekiti. Nikamwambia hakuna haja ya mwenyekiti, tutakuwa watu wachache tu. Akasema bila mwenyekiti hiyo ni porojo, na bila kumbukumbu za mkutano hiyo ni umbea.

Wa pili aliishi palepale Voi, mama wa Kiislamu wa familia ya pwani iliyokaa mjini miaka mingi. Alikuwa akichora nakshi za kofia kwa kalamu juu ya kitambaa cheupe, kisha anazishona kwa sindano, kitundu kwa kitundu, na kila nakshi aliitunga mwenyewe kichwani. Mwanawe alizipeleka Mombasa zikauzwa kama kazi ya watu wa huko. Yeye alinikaribisha, akanipa kahawa na kaimati, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, jambo lako ni jema," alisema. "Lakini mimi nikitoka hapa siwezi kupita mbele ya ile baa ya jirani. Na nyuma ya soko kuna mbwa. Labda wifi yangu anisindikize, naye hatoki kabla hajapika."

Wa tatu alikuwa mama wa Maungu, aliyeshona mapazia na viti vya malori. Madereva wa barabara ya Mombasa walimngoja hata siku mbili ili awachagulie rangi na matamvua, na lori lililopita mikononi mwake ulilitambua likiwa bado mbali. Huyo aliuliza kama kutakuwa na vitambaa vya kugawiwa. Nikasema hapana. Akauliza kama ni mambo ya kura. Nikasema hapana. Akaniangalia kwa huruma.

"Sasa tunakutana kufanya nini, dada?"

Kila mtu aliniuliza hilo, hata mume wangu. Watu walijua mikutano ya kanisa, ya harambee na ya matanga. Kwamba watu wazima wangesafiri ili waonyeshane kola, hilo halikuingia kichwani mwa mtu. Nilikuwa nalieleza upya kila mahali mpaka likaanza kunichosha hata mimi.

Wa nne alikuwa mama wa Makwasinyi, huko chini ya mlima Kasigau, na yeye sikumtafuta. Alikuja sokoni Voi kuuza vikapu vya mkonge. Niliona kimoja chenye mistari myekundu na ya kahawia iliyozunguka ikipanda, na kila ulipofikiri mstari utakutana na mwenzake, ulikwepa. Nilimuuliza nani alimfundisha mchoro ule. Akasema hakufundishwa, alikuwa akihesabu nyuzi tu. Nilipomweleza habari ya mkutano, hakuuliza nani mwenyekiti wala kuna nini.

"Siku gani?" alisema.

Chumba nilikipata kwa bwana mmoja wa ofisi ya maendeleo ya jamii. Kilikuwa chumba cha nyuma ya ukumbi, kina meza mbili na dirisha lisilofungika vizuri. Sikutaka nyumba ya mtu, maana ukiwa nyumbani kwa mtu wewe ni mgeni au ni mpishi, na vyovyote vile hutaki kumwambia mwenyeji kwamba kola yake imepinda. Yule bwana alinipa ufunguo kwa Jumamosi tatu. Ya tatu angekuja mwenyewe aone kazi zetu, na akiona ni kazi ya maana, chumba kingekuwa chetu.

Jumamosi ya kwanza tulipatana saa tatu asubuhi. Nilifika saa mbili na nusu nifagie. Mama wa Makwasinyi alikuwa amekwisha kufika, ameketi kwenye ngazi, kanga imejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka kwao usiku wa manane juu ya lori la mkaa. Mama wa kofia, ambaye mtu angeweza kurusha jiwe likafika kwake, alifika saa tano. Wifi alikuwa akipika.

Na tulifanya nini siku hiyo? Tulizungumza sare. Mwalimu wa Bura alileta hoja kwamba hakuna kikundi bila sare, na hoja hiyo ilikula muda wote uliobaki. Yeye alitaka buluu na kola nyeupe. Mama wa Maungu akasema buluu ni ya wanafunzi, yeye anataka rangi ya damu ya mzee yenye matamvua ya dhahabu. Mama wa kofia akasema sare yoyote itakuwa chini ya buibui lake, kwa hiyo asisumbuliwe. Mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nikitetea kijani. Watu watano ambao kazi yao ni kuchagua, na hatukuweza kuchagua kitambaa kimoja.

"Tumekuja kufanana ama kuonana?" aliuliza mama wa Makwasinyi.

Mwalimu wa Bura akarudi kwenye buluu yake. Saa nane aliaga akakimbilia lori.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya vikombe. Nani alete vikombe, nani alete sukari, na kwa nini wa Bura alete maziwa wakati ng'ombe wako kila mahali. Nilikaa nikiwa nimebana meno. Kila nilipojaribu kusema neno kuhusu kazi, mtu alisema, "Tutafika huko." Hatukufika. Jua lilipoingia ndani nilisimama kulivuta lile dirisha bovu, nikainua mkono juu, na nikasikia mama wa Makwasinyi akisema nyuma yangu:

"Mama, hiyo mkono imekosea."

Nilikuwa nimevaa gauni langu mwenyewe. Nikageuka.

"Hapa nyuma," alisema, akasogea akaweka kidole pale hasa yalipopasukia yale magauni mengine. "Umefanya mbele na nyuma sawasawa. Lakini mtu hapeleki mkono nyuma. Analima mbele, anabeba mbele, anashika mtoto mbele. Nyuma ndio inataka nafasi."

Nilikuwa nimezunguka wilaya nzima nikitafuta mtu wa kuniambia maneno hayo. Nilikuwa nimebembeleza, nimefagia, nimesikiliza habari za matamvua kwa saa mbili. Sasa maneno yamekuja. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu wa Bura alicheka.

"Leo vikapu vinafundisha magauni!"

Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Nami nikaona aibu. Niliona wanawake watatu wakiniangalia mimi, mwenye meza ya kukatia, nikisahihishwa na mtu aliyenuka moshi wa mkaa.

"Dada," nikamwambia, "wewe shika vikapu vyako."

"Haya," alisema, akaketi.

Hivyo tu. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta namna ya kuyafanya yawe madogo zaidi. Hayapungui.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyokuwa ya yule bwana. Nilikuwa nimewaambia wote, na kuwatumia ujumbe, na kurudia: leteni kazi zenu. Nilitandika shuka nyeupe juu ya meza zile mbili. Mama wa kofia alitoa kofia nyeupe isiyo na hata ua moja. Mwalimu wa Bura, ambaye wanaharusi walilia kwa furaha wakimwona, alitoa kitambaa cha mezani chenye bata aliyeshonwa kwa uzi wa njano, na yule bata alikuwa na jicho moja. Mama wa Maungu alileta foronya. Mama wa Makwasinyi aliweka mezani kikapu alichosafiria nacho, cha kubebea mahindi, kisicho na rangi.

"Ile nzuri haijaisha," aliniambia. "Jumamosi ijayo itakuwa tayari."

Nami niliweka sketi ya shule.

Yule bwana aliingia, akazunguka meza pole pole, mikono nyuma. Alimwangalia bata kwa muda. Alikuwa mtu wa adabu.

"Akina mama, hizi ni kazi nzuri za nyumbani," alisema. Akaongeza kwamba vijana wa mpira nao walikuwa wakiomba chumba hicho wapate pa kuweka jezi, na kwamba angepita tena Jumamosi ijayo saa nne, mara ya mwisho. Tukiwa na kitu cha kuonyesha, vizuri. Kama sivyo, ufunguo angewapa vijana.

Mama wa Makwasinyi alisikia hayo, akakunja kanga, akachukua kikapu chake, akaaga kila mmoja kwa mkono, akaenda kuwahi lori lake. Alipotoka tu, nikawageukia wengine.

"Lile gauni la mabawa ulilomshonea binti wa chifu liko wapi?" nilimuuliza mwalimu wa Bura.

"Liko nyumbani."

"Kwa nini?"

Akaangalia pembeni. "Nililete hapa mlinakili?"

Mama wa Maungu akadakia kwamba hata yeye aliwaza hivyohivyo. Kuna fundi wa huko Mackinnon Road aliyewahi kumwibia mtindo wa matamvua, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama wa kofia alisema kwa sauti ya chini kwamba nakshi zake ni za watoto wake, ndio urithi wao, na hawezi kuzianika mbele ya macho ya watu.

Nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kuwa nazo tena. Niliwaambia mficha uchi hazai. Niliwaambia wamenitia aibu mbele ya mtu mwenye kalamu. Niliwaambia wakakae na mabawa yao na matamvua yao mpaka yaliwe na mende. Mwalimu wa Bura aliningoja nimalize, kisha akainua ile sketi yangu ya shule kwa vidole viwili.

"Na hii ndiyo kazi yako, mwenzetu? Ile kola ya majani yaliyopandana, tunayoiona mpaka Wundanyi, umeiacha wapi?"

Nilikuwa nimeiacha dukani, ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya meza.

Nikasema basi. Nikasema Jumamosi ijayo sifungui mlango, na atakayekuja atakuta kufuli. Tulitoka bila kuagana, kila mtu na furushi lake la kazi mbaya.

Sasa, mama wa Makwasinyi hakuyasikia hayo. Alikuwa njiani, juu ya mkaa. Sikumsahau, ningesema nilimsahau, lakini sikumsahau. Jumatano alipita dukani mtu wa Rukinga aliyekuwa akielekea upande wa Kasigau, nikamuuzia vifungo, na wakati nikimhesabia vifungo nilifikiri nimpe salamu amfikishie yule mama, asijisumbue kuja. Kisha nikajiambia: akija ataona kufuli, atajua. Nilikuwa bado nina hasira, na hasira haichagui. Nikamwacha yule mtu aende.

Jumamosi nilikata tangu asubuhi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni, pamoja na chaki. Saa nne ilipita nikiwa naichora suruali ya mtu. Nilisikia treni ikiingia, nikasikia ikiondoka. Yapata saa tisa, fundi mmoja aliniita kutoka barazani.

"Mwalimu, una mgeni."

Alikuwa amesimama kwenye jua, kanga ile ile, miguu myekundu mpaka magotini. Nilimkaribisha ndani. Hakuketi.

"Nimekaa pale kwa ngazi tangu saa mbili," alisema. "Yule bwana alikuja. Akauliza mko wapi. Nikamwambia mwenye ufunguo anakuja. Akangoja kidogo, akaenda. Alisema pole."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na chuma cha ufunguo kilikuwa kimegusana na vidole. Nafikiri alijua. Mtu anayehesabu nyuzi kwa macho hawezi kukosa kuona mkono ulioganda mfukoni.

"Nimeleta hii," alisema, akafungua kanga.

Nilidhani ni kikapu. Kilikuwa kitu nisichokuwa nimekiona kabla, na sijakiona tena: bega. Alikuwa amesuka bega la mtu kwa nyuzi za mkonge, na kipande cha mgongo, na mkono mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ameanzia kwapani, kama watu wa vikapu wanavyoanzia kitako, akazunguka akipanda. Kwa mbele nyuzi zilikwenda nyembamba na zimebana. Kwa nyuma alikuwa ameongeza nyuzi, moja moja, kila duara, kama anavyofanya anapotaka tumbo la kikapu lipanuke, na kila uzi aliouongeza aliupaka rangi nyekundu ili niweze kuuhesabu. Nilihesabu kumi na mmoja. Ukiliinua lile bega mkono ukielekea mbele, halikuvuta popote.

"Hiyo nyekundu ndio unakosa," alisema. "Usikunje karatasi. Mbele kata peke yake, nyuma kata peke yake."

Niliwahi kumwambia kwamba nakunja karatasi? Sikumbuki. Labda aliiona kwenye gauni lenyewe.

Nilisema asante. Nikasema aketi, nimtafutie chai. Akasema lori la Maungu linaondoka, akiliacha atalala sokoni. Akatoka akipita katikati ya wale wanaume wanne, na mmoja wao akavuta miguu ili apite. Hapo ndipo nilipoutoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya meza, kana kwamba kungali na mtu wa kumwonyesha. Jumatatu niliupeleka kwa yule bwana. Alikuwa amekwisha kuwaahidi vijana wa mpira.

Nilikata mkono mpya juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, bila kuikunja, huku lile bega likiwa mbele yangu. Upande wa nyuma ulitoka mpana na wa mviringo, wa mbele umebonyea ndani kidogo, na nilipouona umelala mezani nilicheka mwenyewe jinsi ulivyokuwa wazi. Krismasi ilifika bila gauni kurudi. Meza ilibaki yangu, mwaka huo na miaka mingine mingi, mpaka duka lenyewe lilipofungwa.

Mafundi wa barazani hawakukawia kugundua. Yule wa maneno mengi alikuja mpaka mlangoni, mkasi ukining'inia kidoleni, akaniuliza bila kucheka, safari hii, mkono ule nimeujulia wapi.

"Nimewaza mwenyewe," nikamwambia.

Lilitoka tu, kama mate. Baadaye niliichukua ile karatasi nikaikunja ndogo, nikaitia ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na kola ya majani, na lile bega la mkonge nikalisukuma nyuma kabisa chini ya meza, nyuma ya marobota, asije mtu akaliona. Nyani haoni kundule. Wale wanawake watatu niliwasema miaka mingi kwa watu, kwamba waliua chumba kwa choyo chao, na niliyasema hayo nikiwa nimekalia mkebe.

Mwaka uliofuata nilifunga safari kwenda Makwasinyi. Nilikuwa nimemshonea gauni, nimemkadiria kwa macho, la kitambaa cha kahawia chenye mstari mwekundu, nikafikiri kwamba nikimpa hilo tutakuwa tumemaliza. Nilimkuta uani akipiga majani ya mkonge apate nyuzi. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amelivaa. Hakuuliza kioo. Aliinama kama mtu anayelima, akanyoosha mkono mbele, akauinua juu, akauzungusha, huku ametega sikio, kama anayesikiliza kitambaa.

"Sasa imekaa," alisema.

Niliona raha. Naikumbuka vizuri raha ile, kwa sababu haikudumu. Aliketi karibu yangu, akalilaza gauni juu ya magoti yake kwa viganja, akauliza:

"Na wenzetu wanasemaje? Umewaonyesha?"

Alisema wenzetu. Mwalimu wa Bura aliyemcheka, mama wa kofia asiyewahi kufika kabla ya saa tano, mama wa Maungu na foronya yake. Nilikuwa sijaonana na hata mmoja wao tangu siku ya bata. Yeye alikuwa amekaa mwaka mzima chini ya mlima wake akiamini kwamba bega lile liko Voi, linapita mkono kwa mkono.

Nilimwomba maji ya kunywa. Akainuka mara moja, akaenda kwenye mtungi, akanyoosha mkono kuchota, na nyuma ya bega kitambaa kikaenda naye bila kuvuta.